Kukarabati msikiti mdogo wa kale visiwani Kilwa: anza juu, mihrabu iwe ya mwisho

Fundi akiingia mara ya kwanza katika msikiti wa kale uliobomoka, jicho lake hukimbilia mihrabu, kile kidaka cha ukutani kinachoonyesha kibla. Ndiyo yenye nakshi, ndiyo inayopigwa picha, na mara nyingi ndiyo mfadhili anayotaka kuiona imetengenezwa kwanza. Usikubali. Kinachoila mihrabu ni maji yanayoshuka kutoka paani na chumvi inayopanda kutoka chini. Ukiitengeneza kabla ya kuziba paa, baada ya masika mawili utaitengeneza tena.

Maelezo haya yanahusu majengo madogo ya aina ya Msikiti Mdogo wa Kuba wa Kilwa Kisiwani, wa karne ya 15, na misikiti midogo ya Songo Mnara, mji uliojengwa karne ya 14 na 15. Msikiti Mkuu ni kazi nyingine. Sehemu yake ya kaskazini ni ya zamani zaidi, na ukumbi mkubwa ulioongezwa karne ya 14 uliwahi kuanguka ukajengwa upya karne ya 15. Kazi ya ukubwa huo haianzi bila mhandisi.

Kwanza kibali. Sheria ya Mambo ya Kale inalinda jengo lolote lililojengwa kabla ya mwaka 1863, hata kama liko nyuma ya nyumba yako na limeota mbuyu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014. Hakuna kuondoa jiwe, kuchimba wala kukanda chokaa kabla ya kibali cha maandishi. Ukishakipata, piga picha kila ukuta ukiwa umesimamisha mbao ya mita moja iliyopigwa mistari kila sm 10. Mawe yaliyoanguka yape namba kwa chaki. Rangi ya mafuta haitoki kwenye tumbawe.

Soma jengo kabla ya kushika mwiko

Kuna mawe ya aina mbili, na ni lazima uyatofautishe. Ukuta wenyewe ni wa matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu: magumu, yenye matundu, hayana umbo. Kona, miimo ya milango, matao na mihrabu ni za tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bichi. Likitoka majini huchongeka kama muhogo, likikauka hukaza. Leo usiende kukata tumbawe hai. Tafuta vipande vya zamani ndani ya kifusi cha jengo hilohilo, na kama havipo, acha pengo au jaza kwa chokaa.

Pima upana wa vyumba. Penye paa la bapa utakuta mita mbili na nusu, mara chache mita tatu, kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali zaidi ya hapo. Mjenzi aliyetaka ukumbi mpana aliongeza nguzo, au akaacha boriti akajenga matao na kuba. Msikiti Mdogo wa Kuba umegawanywa katika vyumba tisa, vitatu kwa vitatu, na juu ya kuba ya kati imesimama nguzo fupi ya pembe nane. Nguzo hiyo ni mahali pa kwanza pa kukagua, kwani maji hupenda kuingia pale shina lake linapokutana na kuba.

Halafu angalia kibla. Kilwa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja, kwa hiyo kibla ya huku ni kaskazini karibu kabisa. Maana yake kwa fundi ni kwamba mgongo wa mihrabu, ule uliotokeza nje ya ukuta, umeelekea upepo wa kaskazi, na huku kwetu mvua za kuanzia Novemba huja majira ya upepo huo. Kijipaa kidogo cha mgongo huo kikichubuka, maji yanaingia moja kwa moja nyuma ya nakshi.

Chokaa: choma Septemba, tumia Juni

Kalenda ndiyo inayowashinda wengi. Chokaa nzuri inahitaji kulala ndani ya maji miezi mitatu au zaidi, na lipu inatakiwa ipigwe Juni hadi Septemba, ili ikomae kabla mvua za Novemba hazijaanza. Kwa hiyo tanuu liwashwe Septemba au Oktoba ya mwaka uliotangulia, wakati kuni ni kavu, na urojo, yaani chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, ulale shimoni msimu wote wa mvua.

Jiwe la matumbawe hugeuka chokaa kwenye joto la nyuzi 900 hivi. Likiiva vizuri hupoteza asilimia 44 ya uzito wake, na hapo ndipo pa kupimia. Kabla ya kuwasha, pima mawe makavu ya kilo 10, yafunge alama ya waya, yaweke katikati ya rundo. Yakitoka na kilo 6 au chini kidogo, tanuu limeiva. Yakitoka na kilo 7 au 8, kiini bado ni jiwe, na vipande hivyo vitabaki kama kokoto ndani ya lipu. Vunja mawe yawe ya ukubwa wa ngumi kabla ya kuchoma. Makubwa huiva nje tu.

Kama unanunua, uliza swali moja: imechomwa lini, na imewekwa wapi? Chokaa iliyotoka tanuuni na bado haijaonja maji hunyonya unyevu wa hewa. Ikikaa wiki kadhaa kwenye mfuko ulio wazi hulegea ikawa unga uliokwisha nguvu.

Usiivushe chokaa ya namna hiyo kwa mashua. Maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya chombo, yakiifikia huchemka, na joto lake linaweza kuwasha gunia na mbao. Izime kwa maji Kilwa Masoko, upande wa bara, uvushe urojo ndani ya ndoo zenye vifuniko. Debe moja la urojo, lita 20, lina kilo 27 hivi, basi hesabu na nahodha mapema.

Kuzima: kata pipa nusu, mimina madebe matatu ya maji baridi yasiyo na chumvi, kisha tia debe moja la mabonge kidogo kidogo. Chokaa ndiyo inayofuata maji. Ukimwagia maji chokaa iliyo kwenye pipa itakurukia usoni. Vaa miwani na glavu, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Chokaa ikiingia jichoni suuza dakika 15 bila kuacha, ndipo uende zahanati. Koroga kwa jembe la mpini mrefu mpaka uchemkaji utulie, liache hadi kesho, kisha chuja kwa wavu wa mm 3. Urojo uingie kwenye shimo au pipa, na juu yake kuwe na maji ya kina cha vidole vinne muda wote. Maji yakikauka, tabaka la juu huwa gamba. Litupe, usilikorogee ndani.

Urojo uliokomaa hukatika kama siagi na hushikilia mwiko ulioinamishwa.

Mchanga, na maji

Mchanga wa ufukweni haufai hata ukionekana mzuri, na wa mto karibu na mdomo wa bahari pia, maana maji ya kujaa hufika huko. Chukua juu zaidi. Uonje: weka chembe ulimini. Ukihisi chumvi, uoshe mara tatu kwa maji ya mvua au ya bomba, au tafuta mwingine. Kisha tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha saa chache. Tope litakalotanda juu likizidi sehemu moja kwa ishirini ya mchanga, uoshe.

Kiasi cha chokaa si lazima ukikisie. Jaza kopo la lita moja kwa mchanga mkavu hadi ukingoni. Mimina maji kutoka kwenye chombo chenye vipimo, polepole, mpaka yaonekane juu ya mchanga. Yakiingia mililita 330, mchanga wako una nafasi ya theluthi moja, na hiyo ndiyo chokaa unayohitaji: urojo 1 kwa mchanga 3. Yakiingia 400, mchanga una chembe za saizi moja. Uchanganye na mwingine badala ya kuongeza chokaa. Lipu yenye chokaa nyingi hupasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Chukulia ukuta wa mita 5 kwa 3. Ni mita za mraba 15. Lipu ya sm 2 inakula lita 20 kwa kila mita, yaani debe la mchanga na theluthi ya debe la urojo. Jumla madebe 15 ya mchanga na 5 ya urojo. Ongeza moja ya tano kwa sababu ya mashimo ya matumbawe, upate 18 na 6. Madebe hayo 6 ya urojo ni kama kilo 55 za chokaa kabla ya kuzimwa, yaani kilo 100 hivi za jiwe kavu. Ukiwa na kuta nne na mapaa, utaona kwa nini tanuu huwashwa mwaka mmoja kabla.

Na saruji? Isitumike, hata mfuko mmoja. Tumbawe limejaa matundu, nalo hunyonya na kutoa unyevu kila siku. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu huo. Maji hukwama nyuma yake, chumvi hukusanyika pale jiwe linapokutana na lipu, fuwele zake zinakua na kusukuma, na siku lipu ya saruji inapobanduka inaondoka na ngozi ya tumbawe. Ukuta uliokaa miaka 500 unaharibika ndani ya kumi. Anayesema “tia kidogo tu iwahi kukauka” hajawahi kurudi kuangalia kazi yake.

Unapohitaji chokaa inayokaza hata penye unyevu, kama paani, birikani au kwenye ufa mzito, tia unga wa matofali ya kuchoma. Twanga matofali yaliyoiva kwa moto mdogo, chekecha kwa chekecheke ya unga, tumia sehemu moja ya unga kwa moja ya urojo na tatu za mchanga. Kanda kile tu utakachomaliza siku hiyo.

Paa na miti

Mtini ulioota ukutani usiung'oe. Mizizi yake imejipenyeza kati ya mawe kama kabari, na ukiivuta inatoka na ukuta. Kata shina usawa wa ukuta, paka dawa ya kuua magugu kwenye kisiki palepale kikiwa kibichi, kwa brashi ndogo, si kwa kunyunyiza. Acha miezi kadhaa. Mzizi ukioza hulegea. Toa unachoweza kutoa kwa mkono, jaza shimo siku hiyohiyo. Majani madogo yang'olewe kwa mkono kabla ya kutoa mbegu.

Kabla ya kumpandisha mtu paani, simamisha nguzo chini ya kila kuba na tao lenye ufa. Ufa wenyewe usiuzibe kwanza. Bandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa chokaa pande zote mbili, andika tarehe, usubiri kiangazi na masika vipite. Kioo kikivunjika, jengo linatembea, na hapo kazi ni ya mhandisi. Kikibaki kizima, lowesha ufa, ziba uso wake kwa chokaa ukiacha vitundu kila sm 30, na ingiza urojo mwepesi wenye unga wa matofali kwa mpira mwembamba. Anzia tundu la chini. Ukianzia juu, hewa hukwama ndani na unajaza hewa.

Sakafu ya paa hupigiliwa. Lowesha zege la zamani tangu jana yake. Tandaza mchanganyiko wa kokoto za matumbawe za sm 2 hadi 3, mchanga, urojo na unga wa matofali, unene usiozidi sm 5, na mteremko wa sm 2 kwa kila mita kuelekea mlizamu, bomba la kutolea maji ya paa. Kisha watu wapige kwa vipande vya mbao, mapigo mepesi na ya pamoja, siku mbili tatu. Wazee walipigilia kwa nyimbo, na si kwa starehe tu: wimbo unalinganisha mapigo. Kazi inaiva pale maji meupe kama tui yanapopanda juu na kipande kinaporuka badala ya kuzama. Kupiga kwa nguvu siku ya kwanza huvunja kokoto na kuacha chini pakiwa wazi.

Zege hilo lina kilo 100 hivi kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo kwanza ondoa tabaka lililokufa kabla ya kuweka jipya. Kuongeza juu ya la zamani ndiko kulikoangusha mapaa mengi yaliyokuwa yamesimama.

Kuta

Toa chokaa iliyolegea kwenye viungo hadi kina mara mbili ya upana wake, kwa kijiti au patasi nyembamba. Iliyo ngumu iache. Osha vumbi, lowesha, subiri mng'aro wa maji upotee, kisha jaza kwa kusukumiza. Kiungo kipana kuliko kidole kichomekwe vijiwe, la sivyo chokaa itanywea na kupasuka. Ukisikia ukuta unatoa sauti ya debe unapougonga, ndani mna pengo: jaza kwa urojo mwepesi, nusu mita kwa siku, zaidi ya hapo uzito wake utausukuma ukuta utokeze tumbo.

Lipu iende mikono miwili, kila mmoja mm 10. Mkono wa kwanza ukwaruzwe, ukae siku saba hadi kumi. Haukazi kwa kukauka, unakaza kwa kunyonya hewa ukiwa na unyevu, na upepo wa kusi hukausha kabla chokaa haijashika. Tundika magunia yaliyoloweshwa, nyunyiza asubuhi na jioni kwa wiki moja. Tahadhari ya huku kwetu tu: Juni hadi Agosti ndipo mikorosho inapopuliziwa, na bomba la kupulizia huwa karibu kuliko kingine chochote. Usilitumie hata likisuuzwa, wala usibebee mchanga kwenye mifuko ya salfa. Salfa ikikutana na chokaa huishia kuwa jasi, na jasi huvimba na kubanduka.

Lipu mpya ibaki nyuma ya ile ya zamani kwa mm 3 au 4. Mtu akisimama mbali aone ukuta mmoja. Akisogea, ajue kipi ni cha kale na kipi cha juzi.

Mihrabu na vilivyomo ndani

Sasa ndiyo zamu yake, paa likiwa limepitisha masika moja bila kuvuja. Safisha kwa brashi laini ya nywele, ikiwa kavu, kuanzia juu. Brashi ya waya, limau, siki na maji ya kusukuma kwa mashine ni marufuku: chochote chenye ukali kinayeyusha tumbawe na chokaa pamoja. Penye unga mweupe wa chumvi, rojoa karatasi nyeupe isiyo na wino katika maji safi, bandika unene wa kidole, acha ikauke yenyewe, bandua. Rudia mara mbili au tatu. Chumvi hutoka na karatasi. Jiwe likianza kumomonyoka chini ya kidole, acha, liitie mtaalamu wa uhifadhi.

Nakshi iliyokatika usiichonge upya. Kipande kilichoanguka ukikipata, kirudishe kwa urojo laini uliochujwa kwa kitambaa, safu nyembamba kama ganda la yai, ukifungie kwa kitambaa na kabari za mbao kwa wiki mbili. Gundi za dukani hushika zaidi ya jiwe, na siku ya kuachia zinavunja jiwe.

Kwenye kuba na mapaa ya mviringo utaona vishimo vya duara. Ndimo zilimopachikwa bakuli za kung'aa zilizoletwa kwa merikebu kutoka China na nchi za Kiislamu. Nyingi zimetolewa, lakini alama ya kitako bado imo ndani ya chokaa, na kwa alama hiyo mtaalamu hupata kipenyo na pengine aina ya bakuli. Usizibe, usisawazishe. Kupachika sahani mpya za sokoni kunapendeza siku ya uzinduzi na kunafuta ushahidi siku zote zinazofuata.

Mimbari ya mawe hukaa kulia kwa anayeelekea kibla, ngazi chache tu. Iangalie pale inapogusa ukuta. Ikiwa imejitenga, usiisukume, jaza mwanya. Vidaka vya ukutani visafishwe bila kukwangua weusi wa moshi wa taa uliobaki juu yake.

Nje kuna kisima, birika la kutawadhia na jiwe la kukwaruza la kusugulia nyayo. Jiwe hilo huonekana kama kifusi na huishia kwenye toroli. Liwekee alama siku ya kwanza. Birika lipigwe lipu ya chokaa yenye unga wa matofali, na lisijazwe maji kabla ya mwezi mmoja.

Kama jengo litaswaliwa au kupokea wageni, tandika majamvi na mikeka ya ukindu, usitandike zulia lenye mpira chini. Sakafu ya chokaa hutoa unyevu kama kuta. Ukiifunika kwa mpira, unyevu utatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni mguu wa mihrabu. Mikeka ikunjwe kila jioni.

Mvua ya kwanza kubwa ya Novemba ikinyesha, nenda na tochi wakati bado inanyesha. Angalia shina la nguzo ya kuba, mlizamu, mgongo wa mihrabu. Chora duara la chaki kuzunguka kila doa la maji, uandike saa.